Sindano ya Gatini

Mfereji ukipitishwa mtaani kwenu, sheria inataka udungwe sindano ya kuusahau mtaa huo, usije ukadai kurudi. Wanaiita huruma! Huruma gani ya kubomoa hadi kichwani mwa mtu? Mimi nilikataa. Nawakumbuka makuli wote wa bandari ya zamani tuliokaa nao, na kila kiongozi aliyetuapia kuwa mtaa wetu wa Gatini hautaguswa.

Mke wangu, Mwanahawa, alichoka kulia, akadungwa jana. Leo katapila limeingia uani kwetu kwa zamani, ng'ambo ya barabara, nami nikamwendea mke wangu na jembe mkononi.

"Mama Zuhura, kitovu cha mtoto ulikizika wapi? Nikakifukue kabla yao."

Kazi ile ni ya wanawake. Sisi waume hatuonyeshwi. Kikizolewa na kifusi, binti yangu atakuwa na kwao wapi?

"Kitovu?" Akacheka. "Baba Zuhura nawe! Si nilijifungulia hapahapa ghorofani?"

"Zuhura kazaliwa Gatini!"

"Gatini ndiyo wapi?"

Nilibaki nimeshika jembe. Yeye akaenda kufunga dirisha.

"Hao nao wachimbe upesi wamalize," alisema. "Watamwamsha mtoto."