Ndezi na Mchicha Ulioshiba Moshi

Hapo kale, wanyama walipokuwa wangali wanabishana juu ya moshi, Ndezi mbishi alijenga tanuri la mkaa kando ya bustani yake ya mchicha.

"Jirani, joto limezidi," Kobe alilalamika. "Moshi wako unatuharibia hali ya hewa."

"Nani kakudanganya? Moshi ni chakula cha mimea!"

Kweli, majani yakawa mapana kama masikio ya tembo. Ndezi akala kutwa, siku baada ya siku, kisha akaita kijiji kizima kishuhudie. Alipoinua jani kwa mikono miwili, suruali ikamporomoka.

"Mbona nimekonda hivi, na kula nakula?"

Kobe akaonja jani, akatema. "Maji matupu, lishe hamna! Mchicha umeshiba kweli, jirani. Mwenye njaa ni wewe."

Ndezi akashika suruali kwa mkono mmoja, na kwa wa pili akamwagia tanuri maji.