Kofi la Sangap

Sangap aliinama kupita mlango mfupi wa nyumba ndefu ya wakwe zake, kuku kwapani, tambuu mkononi, na hata alipokwisha kuingia hakuinua kichwa.

Hapakuwa na pa kujificha. Familia nane ziliishi humo bila ukuta kati yao, kila mbili na jiko lao, na zote zilikuwa zimeshasikia habari ya kofi.

"Na ule mkono umekuja nao," mwanamke mmoja akauliza huku akimenya vitunguu, "au umeuacha kwako?"

Wakacheka. Masikio yakamwaka moto.

Mkewe, Malemna, alikaa kwenye jiko la tatu, kampa mgongo. Kando yake mama mkwe alikuwa akibishana na muuza chumvi, uso kwa uso, maneno hayamwishi. Sangap hakuwahi kuambiwa hata moja ya maneno hayo. Miaka sita ya ndoa, na mama yule hajawahi kumtazama machoni wala kumtaja jina. Ndivyo mkwe anavyoheshimiwa: neno humfikia kwa kinywa cha mtu mwingine.

Muuza chumvi alipoondoka, mama mkwe akamgeukia jirani yake.

"Mama Pulung, mwambie mkwe wangu akae mkekani."

Bado aliitwa mkwe. Sangap akalishikilia neno hilo kwa nguvu zote.

Akasema yake kwa Mama Pulung, kwa sauti iliyofika kwenye majiko yote manne. Kwamba alimpiga Malemna kwa sababu ya wali ulioungua. Kwamba hakuwa amelewa, na hana la kujitetea. Kwamba anaomba arudi naye nyumbani. Alipolitaja lile kofi kwa kinywa chake mwenyewe, sauti ilimkatika, ikabidi aanze upya.

Hakuna aliyecheka sasa. Hata yule wa vitunguu aliweka kisu chini.

Malemna akageuka. Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, bila chuki, kisha akamnong'oneza mama yake neno moja au mawili.

Mama akainuka. Akauzunguka moto polepole, akachuchumaa mbele ya Sangap, na kwa mara ya kwanza macho yao yakakutana. Yalikuwa macho ya upole, mapole kuliko alivyowahi kutumaini.

"Sangap," akamwambia, "umetoka mbali. Kunywa maji kwanza, ndipo uende."