Nondo Zilizopakwa Rangi

Fundi Nyamizi aliingia ofisini bila kubisha hodi, akakibwaga kipande cha zege juu ya michoro ya Injinia Kerenge. Katikati yake ilipita nondo iliyopakwa rangi nyekundu.

"Toa uchafu wako mezani, mama," Kerenge alisema, akimgeuzia kompyuta. Kwenye kioo, roshani mpya ya shule ilikuwa ya kijani kibichi tupu, rangi ya usalama. "Nimeshaipima humu. Inabeba watu mia."

"Humo umeiambia nini kuhusu chuma na zege?"

"Kwamba vimeshikana kabisa. Ndivyo tunavyofanya wote."

"Na rangi je, umeiambia?" Sauti ya Nyamizi ilitetemeka kwa hasira. "Nilikusihi, Injinia, uache ile kutu kidogo, zege lipate pa kushika. Ukasema mgeni wa heshima anakuja kukagua, asione vyuma vichafu. Tukapaka kila nondo! Hiki nilikimwaga siku ileile, kwa zege lilelile."

Akachomoa nyundo kiunoni, akaigonga nondo mara moja tu. Ikateleza, ikachomoka kwenye zege, ikaanguka sakafuni kwa kishindo, rangi yake haijakwaruzika hata kidogo.

Kerenge aliiokota, akapitisha kidole juu ya rangi.

"Chungulia!" Nyamizi aliamuru, akikiinua kile kipande mbele ya dirisha.

Kerenge aliinama. Kupitia tundu laini lililoachwa na nondo aliiona roshani, ng'ambo ya uwanja. Walimu walikuwa wakipandisha mabenchi ya watoto wa kwaya, na mmoja wao alikuwa akirukaruka, akiwaonyesha wenzake jinsi ilivyo imara.