Vyerehani Vilivyopeana Mgongo

Fundi wa kamera alishuka ngazi, akajifuta vumbi la dari usoni, akampa dada mkubwa simu.

"Tazama, mama. Nimeshaiunganisha na mtandao. Hii ni ya jicho la samaki: moja tu katikati ya dari, na chumba kizima kimo humu."

Dada mkubwa alivaa miwani. Chumba chao cha ushonaji kilikuwa kimejikunja ndani ya duara, kuta zimepinda kama sufuria. Tangu waliponuniana kwenye msiba wa mama yao, yeye na mdogo wake walishona wamepeana mgongo, kila mmoja na ukuta wake, na salamu hakuna.

Alijiona mwenyewe, kichwa cha mvi kimeinama. Kisha akamwona mdogo wake. Alikuwa ameacha kushona, amegeuka kitini, kidevu juu ya egemeo, akimtazama mgongoni kama zamani alipokuwa akingoja kusukwa nywele.

Picha ilianza kutikisika.

"Mtandao unasumbua?" fundi aliuliza.

"Hapana, baba. Ni mkono wangu."

"Umekonda wewe," dada mkubwa alisema, macho bado kwenye simu.

Fundi alijitazama tumbo, akajua si yeye anayeambiwa.

"Ni hiyo kamera," sauti ya mdogo wake ilitoka nyuma, imekauka. "Inapinda watu."

"Imepinda kuta. Wewe umekonda," alisema dada mkubwa, akageuza kiti.