Mkasi wa Fundi

Mkaguzi wa uwanja wa ndege aliuinua mkasi wa fundi cherehani kwa vidole viwili, kama aliyeshika mkia wa panya.

"Huu haupandi ndege, mama."

"Binti yangu anaolewa kesho. Gauni lake sijalimaliza."

"Kanunue mwingine huko mbele. Usinipotezee muda."

Mpini wa mkasi ulikuwa umelika pale kidole gumba cha marehemu mama wa fundi kilipokaa miaka arobaini. Mkaguzi akainama kuutupa pipani. Fundi akawa wa kwanza kusikia mshono wa suruali ya mkaguzi ukifumuka, toka mkandani hadi mapajani. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Mkaguzi akageuka, mikono nyuma, jasho likimtoka. "Mama, huna hata sindano?"

Fundi akaipapasa sindano yake, iliyochomekwa kwenye upindo wa mtandio.

"Kanunue huko mbele," akasema, akivaa viatu taratibu.