Mtoto Anayerusha Mpira

"Mupira ya mikono?" Tonton Kyungu aliweka glasi mezani kana kwamba bia imeharibika. "Muntu anakamata mupira, anakimbia nayo, bengine banamufukuza nyuma. Maman, kwetu ile inaitwa wizi."

Sebule ya Mukendi, huko Berchem-Sainte-Agathe, Ubelgiji, ilijaa watu waliovaa vizuri na wasiojua pa kutazama. Upande wa dirisha walikaa wageni kutoka Koekelberg: kijana Guylain, miwani minene na suti iliyonyooshwa, na shangazi yake Maman Sidonie, aliyekuja kusema kwa niaba yake. Guylain alitaka kumwoa Hadassa, binti wa Mukendi. Upande wa pili alikaa Kyungu, kaka mkubwa wa Mukendi na msemaji wa ukoo. Akikubali, kuna harusi; akikataa, hakuna. Neno la msemaji likishatoka halirudishwi, na akiwa anasema hakuna wa upande wake anayeruhusiwa kumkatiza, hata mwenye nyumba. Desturi hiyo Kyungu aliipenda kuliko alivyompenda mkewe.

Alikuwa ametoka Anderlecht asubuhi akiwa ameshaamua kukataa. Hakuwa na sababu yoyote. Alikuwa na cheo cha siku moja, na alitaka kionekane.

Kwanza alipiga marufuku Kifaransa. Maman Sidonie alipoanza hotuba yake nzuri, aliyoiandaa wiki nzima, Kyungu alimwinulia kidole.

"Hapa si ku ofisi ya commune. Mambo ya famille tunasemaka Swahili."

Mama wa watu akameza Kifaransa chake, akaanza upya.

"Bon. Papa Kyungu, tumekuja juu ya mutoto moja. Mutoto ya heshima, iko na kazi, anasalaka. Tena ni champion. Mu football américain, yeye njo quarterback, njo mwenye kurusha mupira, bengine banakimbia kuikamata. Hapa Belgique hakuna mwenye alirusha passe mingi ya kuleta pointi kama yeye. Record iko kwake, trois ans, myaka tatu sasa."

Hapo ndipo wizi ulipotajwa.

Hadassa alikuwa ameshaleta sahani na kurudi jikoni, kama binti anavyotakiwa siku hiyo. Kyungu alikuwa ameona vidole vyake viwili vimefungwa plasta. Akamgeukia Thérèse, mama wa msichana, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba asiyejua kushika kisu atamuua mume kwa njaa. Thérèse akafungua mdomo, akakumbuka desturi, akaufunga.

"Na ule mupira yenyewe haiko hata duara." Kyungu akachukua mezani chikwanga, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwenye majani, akaupima kiganjani. "Njo hii. Nimeona mu télé. Bantu bazima banarushiana chakula." Akautupa mezani. "Bon, ule mutoto yenu..."

"Bado si yetu, papa," Maman Sidonie alisema kwa upole.

"Munasikia?" Kyungu akawageukia ndugu zake. "Hata benyewe banamukana."

Mukendi akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Kyungu akamtazama mdogo wake kwa dharau ileile aliyokuwa akimtazama nayo tangu Lubumbashi, akamshauri anywe maji.

Kisha akamkagua Guylain: mabega membamba, mikono laini ya mtu wa kompyuta. Champion gani huyu? Kyungu akachukua chenza kwenye sahani ya matunda, akamrushia ghafla. Kijana akafumba macho. Chenza likamgonga miwani, likabingirika hadi chini ya kabati, naye akapiga magoti kulitafuta huku akiomba radhi.

Maman Sidonie alicheka mpaka akashika tumbo. "Ule? Ule hakamatake kitu hata siku moja."

Kyungu aliwadharau mpaka akaona raha. Watu gani wanamcheka mtoto wao mbele ya wakwe? Waongo, tena waongo wasiojua hata kufichiana. Sasa alikuwa na sababu, na hakuwa ameitolea jasho. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Bon. Nimesikia. Muntu muzima, sifa yake yote ni kurusha chikwanga mu majani. Mi siwezi kukaa na muntu wa vile mu famille, nisikie haya kila noeli. Hatumuhitaji hapa. Ule mwenye kurusha mupira, mumubebe, muende naye kwenu. Leo leo. Nimemaliza."

Huko jikoni sufuria iliwekwa chini taratibu. Guylain, bado yuko magotini na chenza mkononi, akainua kichwa kumtazama shangazi yake. Maman Sidonie akamtazama Mukendi. Mukendi alikuwa akilitazama zulia, akiuma mdomo asicheke.

"Tumubebe, Papa Kyungu?"

"Maman, mulisikia. Neno yangu ni moja."

Maman Sidonie akapiga kigelegele, jirani wa ghorofa ya juu akagonga sakafu. Kyungu alibaki amesimama, akingoja wageni wachukue makoti yao.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Hadassa akaja akijifuta mikono kwenye kitenge, akapiga goti mbele ya baba yake mkubwa kama alivyofundishwa, kisha akaokota chikwanga mezani. Akaugeuzageuza mpaka vidole vyenye plasta vikakaa pale vinapokaa kila Jumapili uwanjani, akarudi kinyumenyume hadi ukutani.

"Aksanti juu ya kunitoa, Tonton," alisema. "Sasa weka mikono karibu na kifua. Bengi banaikosaka."