Paa la Pasta Polycarpe

Papa Kyungu alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya kanisa, kofia kifuani, macho ameyafumba, na juu ya paa Aristote alikuwa akimwaga maji kwa kopo la kumwagilia maua.

"Encore!" Papa Kyungu alipaza sauti kutoka chini.

Aristote akamwaga tena. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, gari dogo la kazi lenye jina lake ubavuni, na uzoefu wa kuezeka magereji tu. Ghala hili la zamani la mazulia, lililogeuzwa kanisa la Wakongomani hapa Evere, Ulaya, ndilo lilikuwa paa lake la kwanza kubwa: bapa, mita za mraba mia nne, linavuja kila kona. Akilikosea, habari zingefika Matonge, mtaa wa Wakongomani, kabla hajashuka ngazi, na hakuna Mkongomani ambaye angempa paa lingine. Aliogopa sana, na hakuficha kwamba anaogopa.

Kwenye kona moja alikuwa amebandua lami iliyochoka na kutandika vipande vitatu vya kujaribia juu ya bati la chini: mpira mweusi, lami mpya ya tabaka mbili, na plastiki nyeupe iliyokazwa kwa skrubu. Kamati ya paa ingechagua kimoja. Ingechagua kwa masikio.

Hiyo ilikuwa amri ya Pasta Polycarpe mwenyewe, aliyoitoa mbele ya waumini wote.

"Kule Likasi," alisema, "mvua ikianguka juu ya mabati, hakuna muntu ananisikia tena. Dix-sept ans, miaka kumi na saba, mvua ilinifunga kinywa! Huku Ulaya, non. Donc, kamati, mutafute paa kwa masikio."

Amina, wakaitikia watu. Maman Yolande, mwenyekiti wa kamati na mke wa Pasta, aliitikia kwa nguvu kuliko wote.

Na kweli sauti ya Pasta ilihitaji kulindwa. Majirani walishaita polisi mara mbili kwa sababu ya spika, kwa hiyo sasa alihubiri kwa koo lake tu, kuanzia saa tano asubuhi mpaka pale Mungu alipopenda, na Mungu kwa kawaida alipenda saa kumi jioni. Waumini walimpenda. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Shida ni kwamba katika shule ya ufundi Aristote alifundishwa upepo, baridi na moto. Sauti hawakumfundisha. Alipiga simu kiwandani kuuliza, na mama wa upande wa pili alisema kwamba katika miaka yote aliyofanya kazi pale hilo hajaulizwa.

Basi wakajaribu wenyewe. Papa Kyungu alipewa kazi ya kusikiliza kwa sababu huko Lubumbashi alikuwa fundi wa reli: aligonga magurudumu kwa nyundo na kujua kwa sikio lipi limeingia ufa. Jémima, muuguzi wa hospitali ya Woluwe, aliandika alama kwa uso ule ule anaoandikia joto la wagonjwa. Kila kipande kilimwagiwa mara tatu: mvua ndogo, mvua kubwa, na mvua ya novembre. Pasta hakuruhusiwa kukaribia. Alibaki nyumbani Etterbeek, amefunga siku tatu, akiliombea paa.

Huku juu upepo ulikuwa mkali, na Aristote hakusikia kitu isipokuwa ile "encore". Kwa kipande cheupe aliisikia mara nne. Papa Kyungu alikuwa ameomba nyongeza, kwa raha zake.

Aliposhuka, Maman Yolande alisoma matokeo amesimama.

"Caoutchouc, ule mpira, deux sur vingt, mbili kwa ishirini. Bitume, ile lami, trois, tatu. Ile nyeupe, vingt sur vingt, zote ishirini. Kamati yote imekubali."

"Maman, caoutchouc inadumu miaka quarante, arobaini," alijaribu Aristote. "Ile nyeupe, vingt, vingt-cinq, ishirini na kitu, basi."

"Mutoto yangu, Pasta aliomba masikio. Hakuomba miaka."

Alifanya kazi wiki tatu, akiunganisha plastiki kwa hewa ya moto, na kila mshono aliupitia kidole mara mbili. Jumapili ya kulizindua paa, mama yake alivaa pagne mpya ya kitenge na kukaa mbele.

Saa tano kamili Pasta Polycarpe alisimama. Alifungua kitabu cha Hesabu, akatangaza kwamba mahubiri yana pointi vingt et une, ishirini na moja, akaanza ya kwanza. Alipofika ya pili, mvua ikaanza.

Hakuna tone lililoingia. Lakini paa zima likaanza kupiga kelele, kama maharagwe yanayomwagwa ndani ya sufuria, kisha kama magunia na magunia ya maharagwe. Kinywa cha Pasta kilifunguka na kujifunga. Aliinua mikono, mishipa ya shingo ikamtoka, na neno halikufika hata kiti cha kwanza.

Aristote aliinuka haraka. Akapita kati ya viti ameinama mpaka kwa Maman Yolande, akamwekea mdomo sikioni.

"Maman, pardon! Nitatengeneza. Kesho asubuhi naweka pamba ndani ya plafond, dari yote, bure!"

Maman Yolande akamkamata mkono. Nyuma yake Papa Kyungu alikuwa ameshavaa koti, na Jémima alikuwa anafunua masufuria ya sombe ya majani ya muhogo, bado yanatoa moshi.

"Usiguse kitu," alisema Maman Yolande. "Masikio yetu yalisikia muzuri. Weye ulizaliwa hapa. Mvua ya huku inaishaka mwezi gani?"

"Haiishake, maman."

"Alléluia," akasema mke wa Pasta, akaenda kuchukua sahani.